Mzee wa Bustani wa Kalemie

Simu iliingia asubuhi nikiwa napepeta mchele, na kwa namba ile ya ng'ambo nikajua ni Kalemie kabla sijasikia sauti. "Zuhura," akasema Mama Beatrisi. "Tatu ametuacha." Nilimjibu kwa maneno tuliyozoea kujibu, inna lillahi, pole mama, poleni sana, nikamwuliza kama aliteseka na kama wameshamzika, naye akanijibu yote kwa upole, kama vile mimi ndiye mfiwa na yeye ni jirani tu aliyepewa kazi ya kunipigia. Nilipoweka simu chini nikarudi kwenye ungo wangu, nikapepeta na kupepeta, na nilipoangalia chini mchele wote ulikuwa miguuni na kuku wanaula. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, nimelea watoto, nimestaafu, nina nyumba yangu. Lakini mtu akiniuliza nilikulia wapi, moyo hauendi nilikozaliwa. Unakwenda Ujiji, kwenye nyumba ya Mama Mdogo Tatu, mwaka ule niliokaa naye nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu.

Nilifika kwake mwishoni mwa masika na sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Alinipa chumba cha uani, chenye dirisha la mbao lililofunguka kuelekea kitu ambacho siku ya kwanza nilidhani ni kichanja cha kukaushia vitunguu. Kulikuwa na nguzo za miti, juu yake majani ya mchikichi yaliyotandazwa kwa nafasi ili mwanga upite vipande vipande, na chini yake, kwenye waya na kamba za katani, vilining'inia vipande vya magome, vigae, makopo yaliyotobolewa na bakuli la bati lililopasuka. Kila kimoja kilikuwa kimekumbatiwa na mizizi minene, myeupe, kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Udongo haukuwepo. Ndani ya makopo mlikuwa na vipande vya mkaa na matofali tu. "Ni okidi," Mama Mdogo alisema, akiitamka kwa raha, kama mtu anayetaja jina la mgeni wake mheshimiwa. "Ukiipanda udongoni inaoza. Kwao ni juu ya miti, na mti wenyewe haziuli, zinaushikilia tu." Majirani waliziita maua ya hewani, na baadhi yao waliona ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nazijua. Alinifundisha kuangalia mizizi kabla ya kumwaga maji: ikiwa myeupe ina kiu, ikigeuka kijani imeshakunywa. Alinifundisha kufuta majani kwa kitambaa cha maji ya sabuni, hasa kwenye makwapa yake ambako wadudu weupe kama unga hupenda kujificha. Maji yalimwagwa asubuhi tu, ili yasilale katikati ya majani yakaleta uozo. Alizigawa katika makundi mawili. Kulikuwa na za porini, za nchi hii, ambazo alizitafuta mwenyewe: ile ya njano yenye madoa ya kahawia tuliyoiita chui, na ile ndogo nyeupe yenye mkia mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua, tuliyoiita nyota. Na kulikuwa na chotara, zilizozalishwa na watu kwa kuchanganya aina na aina, ambazo zilikuja kwa meli, mikononi mwa mume wake.

Baba Mdogo Ramadhani alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, akienda Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, akirudi Kigoma kwa siku chache na kuondoka tena. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema na kucha zisizotakata hata azisugue vipi. Akiwepo, nyumba ilinuka dizeli na sabuni ya mche, na chakula kilibadilika: migebuka iliyokaangwa kwa mawese mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, ugali wa muhogo, isombe, yaani kisamvu, iliyochemka tangu asubuhi. Tulikula uani, karibu na kichanja, na kabla ya kunawa alifungua mkoba wake, akatoa furushi la magazeti yaliyoloweshwa maji. Ndani mlikuwa na mche. Mama Mdogo aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akaunusa, ndipo akamwangalia mumewe usoni.

"Yule mzee umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Kasema nini?"

"Anasema kiangazi usiipe maji mengi, inalala. Ukiiamsha kabla ya wakati itakupa majani tu."

"Basi mwambie ile ya zambarau imenikataa. Miaka yote hii, mizizi na majani. Mwambie majani ni mazuri, ya kijani kibichi kabisa, lakini ua halionyeshi hata dalili. Utakumbuka?"

"Nitakumbuka, mke wangu."

"Hebu rudia."

Na yeye, mtu mzima, alirudia kama mtoto wa madrasa, akikosea kwa makusudi ili apigwe kofi la begani. Mzee huyo aliyeulizwa alikuwa mzee wa bustani wa Kalemie. Ndivyo Baba Mdogo alivyomwita. Alitueleza kwamba zamani alifanya kazi kwenye bustani ya masista, akajifunza okidi huko, na sasa alikuwa akizilea nyumbani kwake. Sikumbuki kama nilimsikia akimtaja jina. Kwetu alikuwa mzee tu, na alikuwepo katika kila mlo. Kila safari alipelekewa swali, na kila safari alileta jibu. Kuna wakati nilimwona Mama Mdogo amesimama peke yake mbele ya mche unaosumbua, akisema kwa sauti, "Ningekuwa karibu na yule mzee ningemkokota aje aone mwenyewe."

Kiangazi hicho tulikwenda Simbo, mimi na yeye, tuliposikia kwamba kuna watu wanafyeka shamba jipya na kuangusha miti. Tulitembea kati ya miti ya mtundu iliyolala chini, majani yake yameanza kusinyaa, na juu ya tawi moja kubwa tukaikuta chui, bonge lenye mashina kama miwa midogo, mizizi yake imesimama wima kama sindano. Mwenye shamba alitushangaa. "Hiyo mnakula?" akauliza kwa lafudhi ya Kiha. "Tunaiangalia," Mama Mdogo akamjibu, na yule bwana akacheka, akatukatia tawi zima kwa shoka lake ili tusiumize mizizi. Tulirudi tumelibeba kwa zamu. Nyumbani Mama Mdogo aliligawa lile bonge kwa kisu alichokipitisha kwenye moto, akapaka majivu penye jeraha, na sehemu nzuri kuliko zote akaifunga kwenye gunia. "Hii ni ya mzee," alisema. "Yeye ananipa kila mara, na mimi sijampa kitu hata siku moja."

Baba Mdogo aliporudi safari iliyofuata, Mama Mdogo alimwuliza kama mzee amefurahi. "Amefurahi sana," akasema. "Ameimba." Mama Mdogo akacheka. "Mzee mzima ameimba?" Baba Mdogo aliinamia sahani yake, akaanza kutafuta miiba kwenye samaki ambaye tayari alikuwa amemaliza kumla. Nilikuwa nimekaa mbele yake na nilimwona. Nilidhani amechoka.

Nyumba ikibaki bila yeye ilikuwa na utulivu ambao bado nautafuta. Mama Mdogo alishona vitambaa vya meza karibu na dirisha, mimi nilisoma vitabu vyangu vya shule kwa mara nyingine, na redio iliongea peke yake. Nyota ilichanua wakati huo. Mchana hainuki kabisa, lakini jua likianza kushuka, wakati wa kuwasha jiko, harufu yake ilitoka kichanjani ikapita jikoni, ikaingia hata kwenye shuka zilizoanikwa. Mama Mdogo aliacha mwiko ndani ya sufuria akaenda kusimama chini yake. "Ramadhani hajawahi kuinusa hii," aliniambia. "Kila ikichanua yuko majini." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akianika dagaa upande wa pili wa ua, nilimsikia siku moja akimwambia mgeni wake kwamba Tatu ameolewa na meli, sasa analea mizizi. Mama Mdogo naye alisikia. Aliendelea kufuta jani alilolishika, kutoka shinani mpaka nchani, akalifuta tena.

Kisha, mvua za kwanza zilipokwisha kuosha moshi na milima ya Kongo ikaonekana wazi ng'ambo ya ziwa, meli ilirudi bila Baba Mdogo. Tulikwenda bandarini Kigoma kuuliza. Wenzake walisema amebaki Kalemie, alipata homa kidogo, atakuja na safari nyingine. Walikuwa watu niliowahi kuwapakulia chakula nyumbani, watu wa utani mwingi, na siku hiyo hakuna aliyetutazama machoni. "Homa kidogo haimwachi mtu bandari ya watu," Mama Mdogo alisema tukiwa njiani kurudi Ujiji.

Mgeni alikuja mchana, siku chache baadaye. Mama Mdogo alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa kwenye kizingiti nikichambua dagaa. Tulisikia hodi ya kikwetu lakini kwa sauti ya ng'ambo, tukamwona mwanamke mrefu, wa makamo, amevaa kitenge cha mikono mipana, ana msalaba mdogo shingoni na kifurushi kichwani. Uso wake ulikuwa umekauka kwa upepo wa boti.

"Jambo mama," alisema. "Hapa ni kwa dada ya Ramazani, fundi wa meli?"

Mama Mdogo alisimama na mwiko mkononi.

"Niko natoka Kalemie," mgeni akaendelea. "Miye ni Beatrisi. Wewe ni wifi yangu Tatu?"

Nimelisikia neno wifi maelfu ya mara kabla na baada ya siku ile. Ni neno la kawaida kabisa, la arusini na la sokoni. Lakini nilimwona Mama Mdogo akilipokea kama mtu aliyepewa mzigo kabla hajajiandaa. Mke wa kaka ndiye amwitaye dada wa mumewe wifi. Nilifungua mdomo, nikataka kusema hapa hakuna dada wa Ramadhani. Mama Mdogo akaniwahi. "Zuhura, kateke maji." Ndoo zote zilikuwa zimejaa. Nilichukua moja, nikaimwaga nje ya ua, nikasimama pale ukutani nikisikiliza.

"Karibu ndani," nilimsikia akisema. "Umesafiri. Kaa kwanza."

"Ramazani iko mugonjwa, wifi. Ilimupiga ghafula. Mukono na muguu ya kuume vimekufa, na kinywa haisemi tena. Anatazama tu. Meli haikuweza kumungoja. Nikasema, dada yake lazima ajue, niende miye mwenyewe."

Niliporudi wamekaa kwenye mkeka. Mama Mdogo alikuwa anampakulia samaki, akimchagulia kipande cha tumboni, kilicho laini, kama anavyofanyiwa mgeni. Yeye mwenyewe hakutia tonge mdomoni. Alimwuliza mgonjwa analala wapi, nani anamgeuza, mganga wa hospitali amesema nini. Mama Beatrisi alijibu kila swali kwa njaa na uchovu wa safari, akala, akashukuru, akasema isombe ya Ujiji ina ladha kama ya kwao ila kwao huongeza vitunguu. Baada ya hapo aliinuka kwenda kunawa, na alipofika uani akasahau maji. Alisimama mbele ya kichanja, mikono yake michafu ameiinua juu ili asiguse kitenge.

"Tazama," alisema taratibu. "Tazama watoto yangu."

Alipita kutoka mche hadi mche. Kila chotara aliijua. Hii aliikata kwenye shina mama wakati wa mvua fulani, ile aliifunga kwenye gome kwa uzi wa gauni lake la zamani, na uzi bado upo. Mama Mdogo alikuja nyuma yake, na nikaona uso wake ukibadilika kwa namna ambayo sikuitegemea.

"Ni wewe uliyekuwa unajibu?" aliuliza.

"Ni wewe ulikuwa unauliza!" Mama Beatrisi aligeuka, macho yamejaa furaha. "Ramazani anafika, hata hajakaa, anasema dada yangu anauliza hivi, dada yangu anauliza vile. Nikasema moyoni, huyu wifi, siku moja nitamuona. Na ile maua ya madoa ulinitumia, mama! Niliimba." Kisha akaishika ile ya zambarau, akaipeleka kwenye mwanga. "Hii ndiyo inakataa? Iko kijani sana. Hii iko na njaa ya jua. Majani ikikuwa kijani sana, ua haikuji. Itoe hapa, iweke fasi jua ya asubuhi inafika."

"Nilimwambia ni ya kijani," Mama Mdogo akasema. "Nilimwambia arudie."

"Alisema tu ni mazuri."

Walikaa pale mpaka kivuli kikageuka, wakiulizana na kujibiana, wakikatizana, vidole vinne vikigusa jani moja. Sijawahi kumwona Mama Mdogo akizungumza vile na mtu yeyote, hata na mumewe. Na wakati wote huo alikuwa anajua, na mwenzake hajui. Mpaka leo nikiwaona wanawake wawili wameinamia kitu kimoja kwa furaha, naogopa kwa ajili yao.

Alfajiri nilipoamka kwa ajili ya swala, nilimwona Mama Mdogo kupitia dirisha. Alikuwa ameishika ile okidi ya zambarau pamoja na chungu chake, anatembea nayo kuelekea jalalani. Nilijua anakwenda kuivunja, na sikumlaumu. Alilipita jalala. Akafika kwenye ukuta mfupi wa mashariki, akaiweka juu yake, akaigeuza kidogo, akarudi ndani bila kuniona.

Wakati wa chai alimsubiri mgeni anywe kikombe cha kwanza.

"Mama Beatrisi," alisema, "jana uliniita wifi. Mimi si dada yake Ramadhani. Mimi ni mke wake. Tulioana hapa Ujiji, huyu binti hajaanza hata shule."

Mama Beatrisi aliweka kikombe chini. Aliinuka, akachukua kifurushi chake, akakiweka kichwani, akakishusha tena. "Sikujua," alisema. "Kwa jina ya Mungu, mama, miye sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingekuja. Kaa, utaondokaje na njaa?"

"Aliniambia Ujiji iko dada yake."

"Na mimi aliniambia Kalemie kuna mzee wa bustani."

"Muzee?"

"Mzee. Nilikuwa hata namwonea huruma, nikimfikiria na fimbo yake."

Mama Beatrisi alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kilichomtoka bila ruhusa, na Mama Mdogo alipokiona naye kikamshika. Walicheka mpaka wakainama, na sikuona ni wakati gani kicheko kiligeuka, ila baada ya muda wote wawili walikuwa wanalia kwa sauti, kila mmoja kwenye upande wake wa mkeka, hawagusani. Mimi nilikuwa nimeshika birika la moto, sijui niliweke wapi. Mama Mdogo ndiye aliyejifuta kwanza.

"Anakula?" aliuliza.

"Uji. Na kijiko."

"Basi twende."

Waliondoka kutoka ufukwe wa Kibirizi kwa boti ya mizigo, wamekaa kati ya magunia, na Mama Mdogo alipogeuka kunipungia mkono alikuwa tayari anaambiwa jambo na yule mwenzake, akageuza uso kulisikiliza. Nilibaki na nyumba. Bi Mwanaidi alikuja kulala nami, na kupitia kwa mabaharia tukapata habari kwa vipande. Ramadhani aliwaona wote wawili wakiingia pamoja mlangoni, akafumba macho, machozi yakamtoka. Wakawa wanamgeuza kwa zamu. Hakupona. Alizikwa huko huko, na Mama Mdogo akakaa eda yake Kalemie, katika nyumba ya mke mwenza. Hilo ndilo lililozungumzwa Ujiji kuliko msiba wenyewe. "Anakaliaje eda kwa mke mwenza, tena Mkristo?" nilisikia barazani, sokoni, kisimani. Waliniuliza mimi kama vile ningejua. Nilisema namwagilia maua.

Na kweli nilimwagilia. Kila asubuhi niligusa mizizi kama alivyonifundisha, nikafuta majani, nikazungumza na vyombo vya jikoni. Ile ya zambarau, kule ukutani, majani yake yalipoteza ule ukijani wa kujivunia, yakawa na umanjano kidogo, nikaogopa kwamba naiua. Halafu nikaona ala bapa ikichomoza kwenye jani jipya, na ndani yake, nilipoielekeza kwenye jua, kivuli cha tumba. Lilichanua wakati wa mvua. Lilikuwa kubwa kama kiganja changu kilichokunjuliwa, rangi yake kama tunda la zambarau lililoiva likisuguliwa, kingo zake zimekunjika kama lesi, na kooni lina njano ya mawese mapya. Nilisimama mbele yake na kijiko cha chai mkononi. Nilimwita Bi Mwanaidi. Alikuja, akasema, "Zuri," akarudi kwenye dagaa zake. Hakukuwa na simu za mkononi, na boti ya kwenda ng'ambo haikuwepo siku hiyo. Ndugu msomaji, nimepata mengi baada ya hapo, ndoa, watoto, wanafunzi waliofaulu. Lakini sijapata tena kuona kitu kizuri hivyo kikiwa mbele ya mtu asiyestahili. Aliyekingoja alikuwa ng'ambo, anakalia eda, na mimi niliyetumwa tu kumwagilia ndiye niliyekiona kikichanua, kikikaa, kikilegea, kikianguka.

Aliporudi, eda imekwisha, alikuwa amekonda na amepata lafudhi kidogo. Nilimweleza kuhusu ua, rangi yake, kingo zake. Alinisikiliza huku amefumba macho, akaniambia nirudie. Nilidhani sasa maisha yetu yataanza upya, mimi na yeye na redio. Lakini siku ya pili nikamkuta anashusha miche kutoka kichanjani na kuiviringisha kwenye magazeti yenye maji, mmoja baada ya mwingine, na sanduku la nguo liko wazi chumbani. Barua yangu ya chuo ilikuwa imeshafika. Sikuijali.

"Unahama?" niliuliza.

"Nahama."

"Nichukue na mimi."

"Wewe umeitwa chuo."

"Nitafundisha hata kule. Nichukue, Mama Mdogo."

Alikaa chini kwenye kigoda, akanivuta nikakaa miguuni pake kama mtoto, ingawa nilikuwa nimemzidi urefu. Alinishika kichwa. "Sikiliza," alisema. "Watu watasema nimerogwa, waache. Miaka yote hii nilikuwa najiambia namngoja Ramadhani. Kumbe nikimwona anashuka kwenye meli, kitu cha kwanza nilichokuwa nakitaka ni jibu. Kule kuna mtu wa kuzungumza naye, Zuhura. Nimechoka kuzungumza kupitia kwa mtu." Nililia sana siku ile. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima, nimekula sahani moja naye, nimejifunza kila alichonifundisha, na mazungumzo yale nilikuwa siwezi kumpa. Nilijua hivyo, kwa sababu nilikuwa nimewaona pale kichanjani.

Tulionana baadaye, mara chache. Alikuja kwenye harusi yangu. Vita vilipoingia upande ule walivuka wote wawili, wakakaa Ujiji kwa watu miezi kadhaa, mimi nikiwa nafundisha mbali, na kulipotulia wakarudi kabla sijapata ruhusa ya kwenda kuwaona. Kila nilipohamishiwa shule nyingine nilijaribu kuotesha okidi dirishani kwangu, na nyingine zilichanua. Nilikuwa nazitazama asubuhi, nikienda kazini.

Baada ya ile simu nilivuka ziwa kwenda kwenye hitma. Mama Beatrisi amezeeka, anatembea ameshika kiuno, lakini alinipokea bandarini mwenyewe. Aliniandalia chumba alichokuwa akilala Mama Mdogo, akanionyesha uani kwao, palipojaa kijani kutoka ukuta hadi ukuta, akaniambia ipi ilikuwa ya nani, mpaka katikati ya maelezo akachanganyikiwa, akasema hazijui tena, zimekuwa za pamoja. Siku ya pili alinipeleka makaburini. Kaburi la Ramadhani lilikuwa limedidimia, na pembeni yake udongo wa Mama Mdogo ulikuwa bado mwekundu. Nilisoma dua. Mama Beatrisi alisimama nyuma yangu na msalaba wake shingoni mpaka nikamaliza. Halafu akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye ukuta mfupi wa mawe unaotenganisha makaburi ya Waislamu na ya Wakristo.

"Miye watanizika kule," alisema. "Nimeshazungumza na padri. Nimemwambia anitafutie fasi hapo, kwenye ukuta kabisa."

Nilimshika mkono. Nikamwambia ni vizuri, atakuwa karibu na mumewe.

Alinitazama kama mtu ambaye hakunielewa.

"Ramazani?" alisema. "Hapana, mutoto yangu. Karibu na Tatu."